Simu Yasema 32, Punda Asema Mengine

Ubishi ulianzia kwenye simu. Ilikuwa baada ya adhuhuri, kaskazi imeishiwa nguvu na kusi haijaingia, siku zile za tangambili ambapo hata jani la mkungu pale Mkunguni halitikisiki. Kwenye baraza yetu huku mtaa wa Langoni, mjini Lamu, kijana mmoja akasoma hali ya hewa: nyuzi 32, na chini yake, kwa maandishi madogo, "huhisi kama 40". Mzee aliyeketi pembeni, fulana imemganda mgongoni, akauliza, "Sasa ni ngapi? Simu yenyewe haina hakika?" Mwengine akamjibu kuwa hiyo arubaini ni ya watu wanene. Tukacheka.

Chini ya baraza alikuwa amejilaza paka wa jirani, dume la rangi ya chungwa lenye mkia uliokatika. Mdomo wazi, ulimi nje, mbavu zapanda na kushuka upesi upesi. Alikuwa akihema kama mbwa, na paka hahemi kama mbwa. Nikamwita mwenye paka. Akatoka na taulo lililoloa maji, akamfunika gubigubi, akasema, "Muache apoe. Ni hayo manyoya yanamsumbua, jioni nitamnyoa."

Nia ilikuwa njema, ila taulo lilikuwa kosa, na kunyoa kungekuwa kosa la pili. Nayaona makosa hayohayo kila mwaka msimu huu, na karibu yote yatoka kwenye lile swali la mzee: 32 au 40? Ukilielewa jibu lake, mengine hujifungua yenyewe.

Sisi tuna bahati ya kuwa na maneno matatu. Joto ni kile kinachosomwa na kipimajoto, hewa ina nyuzi ngapi. Hari ni joto likishafika mwilini, ndiyo maana twasema mtu atokwa na hari. Na fukuto ni joto lililochanganyika na unyevu wa hewa huku upepo umekufa. Simu ikiandika 32, yasema joto. Ikiandika "huhisi kama 40", yajaribu kusema fukuto. Hazipingani. Ni majibu ya maswali mawili.

Sasa chukua mtungi. Wenye umri wangu tumekunywa maji ya mtungi kabla friji hazijaingia kila nyumba, na twajua maji yake huwa baridi kuliko hewa ya chumba ingawa hakuna aliyeyatia barafu. Siri ni kwamba mtungi hutoka jasho. Maji hupenya udongo kidogo kidogo, yakifika nje hugeuka mvuke, na kila tone likigeuka mvuke huondoka na joto la yaliyobaki ndani. Mtungi ukikaa kwenye daka, kile kibaraza cha mlangoni, panapopita upepo, maji huwa baridi ya kukata kiu. Ukifungiwa stoo, hapana. Na siku za fukuto, hata ukiuweka darini, nje wachuruzika na ndani maji ni vuguvugu, kwa sababu hewa imeshajaa unyevu na haina pa kuweka mwingine. Ni kama kujaribu kukausha sahani kwa kitambaa kilichokwisha kuloa.

Mwili wa mtu ni mtungi. Ile hesabu ya "huhisi kama" yauliza jambo hilo tu: jasho la mtu aliye kivulini litakauka kwa wepesi gani? Nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 70 hutoa takriban 40. Ukisimama juani, ongeza. Lakini hesabu hiyo imetengenezwa kwa mwili wa mtu, ambao hutoka jasho kuanzia kipaji hadi kisigino. Haimjui kuku, na haimjui punda mwenye mfuko wa saruji kila ubavu.

Wanyama nao ni mitungi, ila kila mmoja ana vitundu vyake mahali pake.

Mbwa hutoka jasho kidogo tu kwenye nyayo. Tegemeo lake ni kutweta: hewa yapita upesi juu ya ulimi na koo lililoloa, yachukua mvuke, yatoka na joto. Kwa hiyo mbwa wa pua bapa ana tundu dogo zaidi la kutolea joto, na fukuto humwahi mapema. Malindi nimeona mbwa wengi wa ulinzi waliofungwa ukutani kwa mnyororo mfupi. Asubuhi mwenye nyumba amfunga kivulini, roho yake yatulia, aenda kazini. Saa saba kivuli kiko upande wa pili wa ua, mnyororo uko palepale.

Paka hujilamba. Mate kwenye manyoya ndiyo jasho lake. Akifikia hatua ya kuachama na kutweta, njia yake ya kawaida imeshamshinda, ndiyo maana yule dume wa Langoni alinishitua. Mbuzi hutoka jasho kidogo na kutweta zaidi. Sungura hutegemea masikio, damu yapita humo na kupozwa na hewa, hivyo sungura kwenye tundu lisilopita upepo yu mashakani kabla mwenye nyumba hajaanza kulalamika joto.

Kuku hana jasho kabisa. Hana tezi zake. Tena mwili wake katika afya njema una nyuzi 41 hivi, joto ambalo kwa mbwa ni la hatari. Akizidiwa huachama mdomo, koo lacheza, mabawa huyanyanyua mbali na mbavu kama mtu aliyenyanyua kwapa mbele ya feni. Na hapa pana jambo linalowasumbua wafugaji wa mayai: kwa nini msimu huu maganda huwa membamba? Wengi hulaumu chakula cha duka. Mara nyingi ni kule kuhema. Kuku anayehema sana hupoteza hewa ya kaboni nyingi, na ile kaboni mwili wake ulikuwa ukiihitaji kujengea ganda. Chokaa waweza kumpa, lakini apozwe kwanza. Banda la makuti humfaa kuliko la mabati, na chakula kikuu apewe alfajiri na jioni, sababu kusaga chakula nako huzalisha joto na hapaswi kulibeba saa saba mchana.

Nije kwa punda, ambaye mji huu umesimama mgongoni mwake. Mitaa yetu haipitishi gari. Mawe ya matumbawe kutoka Maweni kule Manda, mchanga, saruji, magodoro ya bibi harusi, vyote hupanda mgongo uleule. Na juu yake ndipo palipojengwa dhana nzito kuliko zote: punda ni mnyama wa jangwani, joto halimuumizi.

Nusu yake ni kweli. Asili yake ni punda mwitu wa Afrika, ambaye bado yuko nchi kavu za Eritrea na Ethiopia, na huenda Somalia. Lakini angalia ni joto gani lile. Ni kali, tena kavu. Hewa ina kiu, kila tone la jasho hunyakuliwa, mtungi wafanya kazi yake vizuri, na usiku hupoa. Lamu nyuzi ni chache kuliko jangwani, unyevu ni mwingi, na usiku shuka hulowa. Punda hutoka jasho kama sisi, na jasho lisilokauka halipozi. Kumwambia punda wa Lamu "wewe ni wa jangwani" ni kumwambia mvuvi wa Kizingitini hatazama kwa kuwa babu yake alijua kuogelea.

Kipawa alichokirithi jangwani ni kustahimili kiu. Aweza kupungukiwa na maji mengi mwilini akaendelea na kazi, kisha akipata maji akanywa mengi kwa mkupuo. Wanadamu tukaitafsiri kwamba haoni kiu. Aona. Hasemi tu, kwa sababu mnyama wa porini anayeonyesha udhaifu huliwa, na tabia hiyo hakuiacha porini. Farasi huhangaika mapema. Punda husimama kimya, kichwa kimeinama kidogo, masikio yamelegea ubavuni, tundu za pua zimepanuka, na mwenye punda asema ametulia. Mtazame mbavu. Punda aliyepumzika huvuta pumzi 20 hivi kwa dakika. Akiwa amesimama kivulini robo saa na bado mbavu zakwenda mbio, hajatulia.

Maji ahitaji lita 10 hadi 25 kwa siku kutegemea kazi na joto, yaani mtungi wa plastiki wa lita 20 mmoja peke yake, si kuonja kwenye ndoo ya jirani. Tena punda ni mchaguzi, maji machafu huyakataa hata akiwa na kiu. Na ile kauli ya kwamba punda mwenye joto asinyweshwe, ati tumbo litamkata? Iacheni. Mnyama aliyetoka jasho ndiye anayehitaji maji sasa hivi.

Kuna jambo jengine hesabu ya simu hailijui: kazi. Msuli unapofanya kazi, sehemu ndogo tu ya nguvu huenda kwenye kazi yenyewe, kubwa hugeuka joto. Ni kama jiko la makaa, lapika sufuria moja na kuunguza jiko zima. Uingereza, nchi ambayo watu hudhani hatari ni mbwa kufungiwa ndani ya gari, watafiti walipochunguza rekodi za madaktari wa wanyama walikuta karibu robo tatu ya mbwa waliougua kwa joto waliugua kwa kukimbia na kucheza, na walioathirika garini ni kama 5 katika kila 100. Ikiwa mbwa achezaye mpira Uingereza azidiwa, vipi anayepandisha mawe kutoka gatini saa sita mchana? Safari zile zingeweza kuanza baada ya alfajiri na kusita saa nne, zirudi tena baada ya alasiri. Najua jawabu la wenye punda: jahazi likifika limefika, na tajiri wa mawe hangoji. Basi mzigo upunguzwe. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, kumbebesha mnyama kupita kiasi yaihesabu kosa, ingawa sijaona mtu akiitaja gatini.

Sasa, mnyama akishazidiwa. Madaktari huita kiharusi cha joto, na jina hilo huchanganya watu, wakadhani ni kupooza upande. Maana yake ni kwamba joto la ndani limepanda hadi viungo vyaanza kuharibika. Mbwa na paka kwa kawaida wako kati ya nyuzi 38 na 39 na kidogo. Punda mkubwa ni 37 hivi. Mbwa akipita 40 ni wasiwasi, akipita 41 ni dharura. Fikiria ute wa yai: ukishaiva haurudi kuwa maji hata uutie frijini. Utumbo, figo na ubongo havifiki kuiva kama yai, lakini ndio upande huo, na ndiyo sababu dakika zina thamani. Dalili: kutweta kusikokoma, mate mazito, ufizi mwekundu sana au uliofifia, kuyumba kama mlevi, kutapika, kisha kuanguka.

Hii si homa. Ukiwa na homa, mwili wenyewe umeamua kupandisha joto upigane na ugonjwa, na dawa ya homa huuambia urudi chini. Aliyezidiwa na joto hakuamua kitu, mlango wa kutolea umefungwa. Kwa hiyo Panadol haimsaidii mnyama yeyote katika hali hii, na paka humuua. Si msemo. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo, kidonge kimoja chatosha kummaliza. Nairudia kwa sababu nimeona mtu akiipondaponda kwenye maziwa, kwa mapenzi kabisa.

La kufanya ni maji, na ni hapohapo ulipo. Watu hukimbilia kumbeba mnyama kumpeleka kwa daktari, na kwetu kubeba kuna maana ya miguu, mkokoteni au boti. Ushauri wa wataalamu siku hizi ni kupoza kwanza, kusafirisha baadaye. Mtoe juani, mmwagie maji mwili mzima, mengi, usiache, na hewa ipite. Mpe ya kunywa akiwa na fahamu, usimlazimishe, asije akapaliwa.

"Si ya baridi!" ndiyo sauti inayosikika hapo kila mara. Yasemwa maji baridi hufunga mishipa, joto likabaki ndani, mnyama akafa kwa mshituko. Kwa farasi dhana hii ilipimwa sana miaka ya tisini, kabla ya Olimpiki ya Atlanta ya 1996, kwa kuwa Atlanta wakati wa kiangazi chao ina joto na unyevu, kama hapa petu. Ilionekana farasi waliomwagiwa maji baridi walipoa upesi na misuli haikukakamaa. Kwa mbwa kijana mwenye afya, kutumbukizwa majini (kichwa nje) ni njia nzuri. Aliye mzee au mgonjwa mmwagie na kumpepea. Lakini hapa kwetu mjadala wa baridi ni wa anasa, bomba gani la Lamu latoa maji baridi mwezi wa tatu? Maji yoyote yaliyo chini ya joto la mwili wake yafaa.

Hata ya bahari. Hili naliona halisemwi vya kutosha katika kisiwa ambacho maji matamu hutegemea vilima vya mchanga vya Shela na kila ndoo ina mwenyewe. Bahari yetu hata msimu wa joto iko chini sana ya joto la punda, na haiishi. Vijana huwaogesha punda pwani tangu zamani, wakidhani wawasafisha tu, kumbe wawapoza. Baadaye msuuze kwa maji matamu sehemu za matandiko, chumvi ikikaukia hapo husugua ngozi ikawa kidonda. Kunywa ni maji matamu tu. Na hapo mjini tuna kituo cha hifadhi ya punda kando ya bahari tangu 1987, akishapoa mpelekeni.

Feni ina fumbo lake. Mtu akiwashiwa feni hupoa kwa sababu ana jasho ngozini. Mbwa mkavu mbele ya feni hupata nafuu ndogo, hana cha kukauka. Mloweshe kwanza, ndipo uwashe. Taulo nalo, kumlaza juu ya kitambaa kibichi ni sawa, kumfunika nacho ndiko kubaya: baada ya dakika chache lageuka blanketi la maji moto na kuziba hewa. Kumnyoa paka au mbwa hadi ngozini nako siko. Manyoya yaliyochanwa vizuri huzuia jua lisifike ngozini kama makuti yanavyoizuia nyumba. Watazameni paka weupe wa pwani, waliokaa juani miaka mingi: ncha za masikio, palipo na manyoya haba, hupata vidonda visivyopona, na baadhi ni saratani.

Na kuhusu mbwa, kwa sisi tunaochelea najisi ya mate yake: kumwagia maji hakuhitaji kumshika, na chombo huoshwa. Kisa cha aliyeteremka kisimani akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa aliyekuwa akihema na kulamba tope kwa kiu, akasamehewa dhambi zake, twakisoma tangu madrasa. Mbwa yule alikuwa na dalili ya kwanza kati ya nilizozitaja hapo juu.

Yule dume wa Langoni tulipomfunua taulo, upande wa ndani ulikuwa moto kama mkono uliotoka kwenye mofa. Tukamlaza kwenye sakafu ya kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, tukammwagia kata baada ya kata tumboni na miguuni, mtoto akimpepea. Alichukia. Alijaribu kumparura mwenye paka, na hiyo ilikuwa habari njema. Baada ya kama robo saa akafunga mdomo. Jioni badala ya kunyolewa alipelekwa kwa daktari, kwani figo zaweza kuonyesha madhara siku moja au mbili baadaye hata kama mnyama aonekana mzima.

Kesho yake kijana akafungua simu tena pale barazani. "Thelathini na moja," akasema. "Huhisi kama thelathini na nane."

Mzee hakuuliza ni ipi ya kweli. "Na upepo je?" akauliza. Kijana akatafuta, akasema simu yaandika kaskazi hafifu. Mzee akalamba kidole, akakinyanyua, akakishusha. "Hakuna," akasema, akainama kuvuta kibakuli cha maji cha paka hadi upande wa kivuli.